Stelingi Hafi: Wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini na Riwaya ya Kishindo

Willy Gamba hafi. Anatekwa, anapigwa, anazingirwa na watu wenye bunduki ambao kazi yao ni kuua, na kila mara anatoka mzima, nguo zikiwa zimechafuka kidogo. Tangu Aristablus Elvis Musiba alipomleta duniani mwaka 1974 katika Kufa na Kupona, mpelelezi huyo amepita mikononi mwa wasomaji wengi kuliko idadi ya nakala zilizochapwa, kwa kuwa nakala ya riwaya ya aina hii haikai nyumbani kwa mtu mmoja. Inaazimwa, inachanika jalada, inarudi imepungua kurasa za mwisho, na aliyezikosa kurasa hizo anasimuliwa na mwenzake.

Hapo ndipo mabishano yanapoanza.

Yupo anayeona kwamba Musiba ndiye aliyemfundisha kupenda kitabu, na kwamba bila Willy Gamba asingefika hata kwa Shaaban Robert. Yupo anayesema hizo ni fiksi tupu: mtu mmoja anawezaje kuwapiga watu kumi na mmoja wenye silaha, kisha usiku huohuo akaenda kucheza dansi? Yupo mwalimu wa fasihi ambaye shuleni anamwita Willy Gamba mhusika bapa, na nyumbani ana Kikosi cha Kisasi chini ya mto. Mbeya na Iringa mabishano haya yana ladha yake, kwa sababu ambayo wasomaji wa Dar es Salaam huenda hawaifikirii. Vita vinavyotajwa katika riwaya hizo vilipita kwenye barabara yao, kwenye reli yao na kwenye misitu yao.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Mpelelezi wa kwanza maarufu wa riwaya ya Kiswahili hakuwa mtu wa ngumi. Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, aliyetokea Unguja katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alikuwa mtu wa kiko na mawazo. Huketi, hutazama, huuliza swali linaloonekana halina maana, na mwishoni huwakusanya watu na kuwaeleza kilichotokea, Najum akibaki kinywa wazi. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo na kumleta Inspekta Wingo, polisi wa mjini, na mwendo wa hadithi ukaongezeka kasi. Lakini aliyeivunja breki ni Musiba. Willy Gamba hakai kufikiri kwa muda mrefu. Bosi wake, ambaye msomaji anamjua kwa jina la Chifu tu, anamwita, anampa kazi, na kuanzia hapo ni ndege, hoteli, bastola na karate.

Mhakiki Rajmund Ohly, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili pale Dar es Salaam, aliutazama uandishi wa miaka ya 1970 akauandikia kitabu kizima kilichotoka 1981, na katika jina lake akauita nathari ya kishari. Wengine waliiita riwaya pendwa, jina ambalo limebaki mpaka leo katika mihadhara ya vyuo, likiwekwa upande mmoja na fasihi dhati upande wa pili kana kwamba kinachopendwa hakiwezi kuwa dhati. Mgawanyo huo umewasaidia zaidi wanaotunga mitihani kuliko wanaosoma. Musiba mwenyewe hakuwa mwandishi wa njaa wa vichochoroni. Alikuwa mfanyabiashara aliyekuja kuongoza chemba ya biashara, viwanda na kilimo ya nchi, TCCIA, na riwaya zake zilizofuata alizitoa kupitia kampuni yake, Continental Publishers. Mwandishi mwenzake Ben Mtobwa naye alijenga kampuni ya Heko. Hawa walikuwa waandishi waliojua bei ya karatasi, na ndiyo maana hawakuthubutu kumchosha msomaji.

Riwaya hizo zilimkuta msomaji akiwa tayari. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986, baada ya kampeni za kisomo, waliobaki hawajui walikuwa chini ya mmoja katika kila kumi. Watu waliofundishwa kusoma kwa vitabu vya kilimo bora na usafi wa choo walihitaji kitu cha kusoma ambacho hakiwaagizi kufanya kazi. Serikali iliwapa herufi. Willy Gamba akawapa sababu ya kuzitumia usiku, kwa kibatari, huku baridi ya Mufindi au ya Uporoto ikipenya kwenye nyufa za dirisha. Wahakiki wanaouliza riwaya hizi zina thamani gani mara nyingi huanzia darasani, hivyo jibu hili haliwafikii.

Sasa lawama zenyewe. Ile inayorudiwa kuliko zote ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba mambo haya hayawezekani. Katika Kufa na Kupona Willy Gamba ndiye anayesimulia mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza. Msomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba msimulizi yu hai na anaongea. Hakuna aliyedanganywa. Mtoto anayesikiliza hadithi ya Sungura anajua fika kwamba Sungura atatoka kwenye mtego; anachosubiri ni kuona atatokaje, na msimulizi mbovu ni yule anayemtoa kwa njia ileile ya jana. Kwa hiyo swali la haki kwa Musiba si kama mtu mmoja anaweza kuwashinda kumi na mmoja. Swali ni kama ushindi wa sura ya tisa una ujanja tofauti na ule wa sura ya nne. Hapo lazima ikubaliwe kwamba mara kadhaa hauna. Bastola inadondoka, teke linapigwa, adui anajisahau na kuanza kujigamba badala ya kufyatua risasi. Msomaji aliyemaliza riwaya tatu anaweza kuiandika ya nne.

Watetezi wana jibu lao, na ni jibu zuri: kurudiarudia huko ndiko wanakokutaka. Katika vibanda vya video vya miaka ya 1990 na 2000, iwe Mwanjelwa, Mbeya, au Kihesa, Iringa, watazamaji walilipa kuona filamu ambayo mwisho wake ulijulikana kabla ya jenereta kuwashwa. Neno lao kwa shujaa lilikuwa stelingi, na kanuni moja haikuvunjwa kamwe: stelingi hafi. Mtafsiri wa filamu kama Lufufu, aliyejijengea jina kubwa kwa kuingiza sauti ya Kiswahili juu ya Kiingereza na Kichina, aliongeza vituko ambavyo mwongozaji wa filamu hakuvifikiria, na hakuna aliyedai kurudishiwa kiingilio. Mtazamaji alikuwa mshiriki. Alipiga kelele, alimwonya stelingi kwamba kuna mtu nyuma ya mlango, alimtukana adui. Riwaya ya Willy Gamba ikisomwa kwa sauti mbele ya watu wanne huwafanya wafanye vilevile. Anayeisoma peke yake, kimya, akiwa na kalamu ya kusahihishia, anasoma kitabu kingine.

Hata hivyo, msomaji huyohuyo anayemsamehe stelingi kuwapiga watu kumi na mmoja hamsamehe mwandishi anayekosea barabara. Huu ni ukweli wa kuchekesha kuhusu wasomaji wa riwaya za kishindo popote walipo: wanavumilia muujiza na hawavumilii uzembe. Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni kama kilomita 500, na hadi Mbeya zaidi ya 800. Katikati kuna Kitonga, ambako malori hupanda kwa gia ya kwanza kwenye kona zinazotazama bonde, na ambako lori moja likizima safari za siku nzima husimama. Kabla ya kuingia Mbeya kuna Mlima Nyoka, na ukitoka kwenda Tunduma unakutana na mteremko wa Iwambi, uliokwisha kuua watu wengi. Mwandishi akimpitisha mpelelezi wake Kitonga kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, utingo yeyote aliyewahi kulala chini ya lori pale atafunga kitabu. Akimfikisha Mbeya usiku wa Julai amevaa shati la mikono mifupi, bila kutetemeka, mama muuza ndizi wa Uyole atajua kwamba mwandishi hajafika.

Waandishi wetu wa kishindo walilijua hilo, au labda walilikwepa tu. Willy Gamba ni mtu wa Dar es Salaam, Nairobi na Kinshasa. Kufa na Kupona inampeleka Nairobi kutafuta siri zilizoibwa za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Kikosi cha Kisasi, iliyotoka 1979, inampeleka Kinshasa kupambana na wauaji wanaowawinda wapigania uhuru. Anakwenda kwa ndege. Nyanda za Juu Kusini, ambako silaha, mafuta na wapiganaji walipita kweli, zinabaki chini ya mawingu. Kati ya malalamiko yote dhidi ya riwaya hizi, hili la kurukwa ndilo linalowahusu zaidi wasomaji wa Mbeya na Iringa, na ndilo lisiloandikwa na wahakiki.

Tuangalie kilichorukwa. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, nchi isiyo na bahari, ikajikuta mafuta yake yanategemea njia inayopita kwa adui. Mapipa yakaanza kupandishwa kutoka Dar es Salaam kwa malori kupitia Iringa na Mbeya, kwenye barabara ya vumbi na tope iliyobatizwa jina la jehanamu. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA likafika Ndola, likiwa limekatisha nyanda hizi. Kisha wakaja Wachina na reli. Kati ya Mlimba na Makambako walipasua milima na kuchimba mahandaki katika sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote. TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976. Huko Chunya, kwenye eneo la machimbo ya dhahabu la Itumbi, wapiganaji wa ZANU, waliopigania uhuru wa Rhodesia, walikuwa na kambi tangu miaka ya 1960. Baadaye kambi kubwa ikawa Mgagao, Iringa, na ni hapo ambapo mwaka 1975 maofisa wa jeshi la msituni waliandika tamko la kumkataa kiongozi wao Ndabaningi Sithole, tamko lililosaidia kumfungulia Robert Mugabe njia. Mabadiliko ya uongozi wa nchi ya baadaye, yameandikwa kambini, katika baridi ya Iringa! Mwandishi wa riwaya za kijasusi angetaka nini zaidi?

Na wauaji walikuwapo. Eduardo Mondlane wa FRELIMO aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alicholetewa kwa posta. Herbert Chitepo wa ZANU aliuawa Lusaka Machi 1975 kwa bomu lililotegwa kwenye gari lake. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na katika miaka ya 1970 katibu mtendaji wake akawa Hashim Mbita. Kwa hiyo Musiba alipoandika kuhusu siri za ukombozi kuibwa, na baadaye kuhusu viongozi kuwindwa, hakuwa akiota. Aliongeza chumvi kwa shujaa; njama zenyewe alizikuta tayari.

Mfano ulio bora kuliko yote ulitokea katika mwaka uleule wa Kikosi cha Kisasi. Oktoba 1979, mazungumzo ya kumaliza vita vya Rhodesia yakiwa yanaendelea London, kikosi kidogo cha makomando wa Rhodesia kiliruka kwa miavuli usiku ndani kabisa ya Zambia, mamia ya kilomita kutoka mpakani kwao. Wakashuka na Mto Chambeshi kwa mitumbwi ya kukunja waliyoruka nayo. Wakategesha baruti kwenye daraja la reli ya TAZARA na daraja la barabara lililo jirani, yote mawili yakaangushwa, wao wakateka lori na kutokomea hadi walipochukuliwa kwa helikopta. Andika hayo katika riwaya, upeleke muswada kwa mhariri makini, naye atakuuliza: mitumbwi? Kwa miavuli? Na lori wakalikuta tu barabarani, tayari?

Lakini yalitokea, na upande huu wa mpaka yalikuwa na matokeo ambayo riwaya ya kishindo haina kawaida ya kuyasimulia. Reli iliyokatika Chambeshi ni reli iliyokatika pia Tunduma na Mbeya. Mizigo ya Zambia ilikwama, mabehewa yakapanga foleni, mahindi na mbolea vikachelewa kufika vilikotakiwa, na daraja halikujengwa kwa sura moja. Katika riwaya, daraja linalipuka ukurasa wa mwisho wa sura na sura inayofuata inaanza hotelini. Hili ndilo kosa la kweli la riwaya ya kishindo, na ajabu ni kwamba wanaoilaumu kwa kutia chumvi hawalitaji. Ina matukio makubwa na haina gharama. Watu thelathini wanakufa na hakuna matanga. Stelingi anapigwa risasi ya bega na wiki ijayo anainua mzigo kwa mkono uleule. Msomaji aliyeishi kando ya vita vya kweli anaweza kuamini mitumbwi iliyoshuka kwa miavuli; ambacho hakiamini ni ukimya unaofuata mlipuko.

Wahehe wa Iringa nao wana kipimo chao cha mambo yasiyowezekana. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, jeshi la Mkwawa lilikivamia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, mtu ambaye wenyeji walimwita Nyundo, na kukisambaratisha katika muda mfupi kiasi kwamba mizinga haikupata nafasi ya kufanya kazi yake. Zelewski aliuawa pale. Ngome ya Kalenga ilianguka 1894, na kwa miaka karibu minne baada ya hapo Mkwawa aliwindwa porini, kichwa chake kikiwa kimewekewa zawadi ya rupia 5,000, na hakushikwa. Alijiua Julai 1898 akiwa amezingirwa. Fuvu lake likapelekwa Ujerumani, likatajwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, na halikurudi Kalenga mpaka 1954. Fuvu la mtemi wa Iringa ndani ya mkataba uliomaliza vita vya dunia: mwandishi wa kubuni angeambiwa apunguze.

Mugyabuso Mulokozi aliitumia hazina hiyo. Mwaka 1979 alitoa tamthiliya ya Mukwava wa Uhehe, na baadaye akaandika riwaya za vijana, zikiwamo Ngome ya Mianzi na Moto wa Mianzi, zinazoirudia vita ya Wahehe na Wajerumani kwa mtindo wa safari na hatari. Mtu akiziweka mezani pamoja na za Musiba ataona tofauti ambayo haihusu kiasi cha matukio. Msomaji wa Mulokozi anajua tangu mwanzo kwamba Mkwawa atakufa. Historia imeshalitoa jibu. Na bado anafungua ukurasa unaofuata, jambo linaloonyesha kwamba kanuni ya stelingi hafi si sharti la msisimko kama watetezi wa Willy Gamba wanavyopenda kudai.

Tuje kwa wanawake, maana hapa mgawanyiko wa wasomaji ni mkali na una haki. Katika riwaya za Willy Gamba mwanamke anaingia akiwa amepimwa kwa macho: kimo, kiuno, mwendo. Halafu anakuwa mojawapo ya mambo matatu. Ni mtego, au ni starehe ya usiku, au ni maiti ya asubuhi. Watetezi husema ndivyo zilivyokuwa riwaya za siku hizo, kwamba hata James Bond wa Ian Fleming na wahusika wa James Hadley Chase, vitabu vilivyokuwa vikiuzwa kwenye meza hizohizo, walikuwa hivyohivyo. Ni kweli, ila hiyo inaeleza tu tabia ilitoka wapi. Msomaji wa kike aliyekuwa shule ya bweni Iringa miaka ya 1980, akisoma kwa kupokezana na wenzake, alilazimika kujiweka upande wa Willy ili afurahi, kwa sababu kwenye upande wa wanawake hakukuwa na nafasi ya kukaa kwa muda mrefu. Na Kenya hawakuwa wema zaidi: David Maillu alipomtunga jasusi wake Benni Kamba 009 mwaka 1980, kwa Kiingereza, alimpa namba ya ukoo wa Bond, na mizigo yote ikaja na namba hiyo.

Mtobwa alijaribu kutoka. Mpelelezi wake, Joram Kiango, ana Nuru, mwanamke ambaye anasafiri naye, anapanga naye na anaingia naye kwenye hatari. Haimaanishi kwamba Nuru amekombolewa kabisa. Uzuri wake bado unatajwa kila mlango unapofunguliwa. Lakini ana kazi katika hadithi, na ukimwondoa hadithi inapungua. Kuna jambo jingine ambalo Mtobwa alilifanya, pengine bila kulipigia debe. Moja ya riwaya zake zinazojulikana zaidi, ambayo adui wake ni serikali ya makaburu, ina jina lililo swali: Tutarudi na Roho Zetu? Musiba asingeuliza. Kwa Willy Gamba jibu lilikuwa limeshatolewa na jalada. Kwa Joram na Nuru, angalau katika kurasa kadhaa, hofu inaachwa ikae, na msomaji anapata nafasi ya kufikiri kwamba kazi ya namna hii ina bei.

Kuna wasomaji waliozikataa riwaya hizi kwa sababu za siasa. Katika nchi ya Azimio la Arusha, shujaa anayelala hoteli kubwa, anayevaa nguo za bei na kunywa pombe ya nje kwa fedha ya umma alionekana na wahakiki wa mrengo wa kushoto kuwa bepari aliyevikwa uzalendo. Wana hoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wa Mbeya na Iringa walipanga foleni kwenye maduka ya ushirika kwa sabuni na sukari, na wengine walivuka Tunduma kutafuta mahitaji kwa njia ambazo serikali iliziita magendo. Msomaji aliyeketi na kitabu baada ya foleni kama hiyo alikuwa akisoma kuhusu mtu ambaye hakukosa sabuni hata siku moja. Wahakiki waliona hapo sumu. Inawezekana zaidi kwamba palikuwa na mapumziko, na kidogo pia palikuwa na kejeli: Willy Gamba anatumikia dola ileile, ila yeye ndiye mtumishi pekee wa serikali ambaye gari lake lina mafuta.

Karatasi nayo ina sehemu yake katika hadithi hii. Msitu wa Sao Hill na kiwanda cha Mgololo, Mufindi, vilikusudiwa kuifanya Tanzania ijitegemee kwa karatasi. Kiwanda kilianza uzalishaji katikati ya miaka ya 1980, kikasimama 1996, na kikauzwa kwa mwekezaji wa Kenya mwaka 2004. Mkoa wa Iringa, ambao haukupata sura katika vitabu vya Willy Gamba, ndio uliokuwa umepangiwa kutoa karatasi za kuvichapia. Mashine zilipozimwa Mgololo, riwaya ya kishindo ilikuwa imeshahamia kwingine, kwenye magazeti ya udaku yaliyotoa hadithi kwa sehemu sehemu. Huko Eric Shigongo alijenga jina kwa hadithi ndefu za machozi na visasi, kila toleo likikatwa pale ambapo mtu ameinua kisu. Aliyekosa toleo moja kwa sababu basi la magazeti lilichelewa kufika Mbeya alilazimika kumtafuta aliyelipata. Sasa sehemu hizo zinauzwa kwa simu, kwa shilingi mia chache kila moja, na malalamiko ni yaleyale: imevutwa mno, stelingi angeshakufa zamani, halafu, tuma inayofuata.

Mabadiliko makubwa kuliko hayo yametokea shuleni. Kwa miaka mingi riwaya pendwa ilikuwa kitabu cha kunyang'anywa. Mwalimu aliikuta chini ya dawati, akaichukua, na mara nyingi akaimaliza yeye. Hata riwaya iliyohesabiwa kuwa dhati haikuwa salama. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda kwa sababu ya mambo iliyoyasema wazi kuhusu wasichana na walimu. Kisha orodha ya vitabu vya kidato cha tano na sita ikaja kuwa na Mfadhili ya Hussein Tuwa, mwandishi aliyejulikana kwa riwaya za kasi kama Mkimbizi, ikiwekwa karibu na Kufikirika ya Shaaban Robert na Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi.

Mfadhili si riwaya ya bunduki. Ni ya mapenzi na majonzi. Lakini imeandikwa kwa mkono uleule wa riwaya ya kishindo: sura fupi, siri inayocheleweshwa, bahati mbaya zinazofuatana kwa haraka ambayo maisha hayana. Mwanafunzi wa Mbeya au Iringa anayeulizwa katika mtihani kama mwandishi amefanikiwa kifani na kimaudhui analazimika sasa kuandika, kwa alama, yale ambayo baba yake aliyabishania bure kwenye benchi la stendi. Wengi huandika kwamba mwandishi amefanikiwa, kwa kuwa kitini kinasema hivyo. Wachache huthubutu kuandika kwamba matukio yamezidi, wakataja ukurasa na kueleza ni tukio lipi na kwa nini, na msahihishaji mwenye haki hana budi kuwapa alama zao. Baada ya mtihani hao wachache huonekana wakitafuta Mkimbizi, ambayo haimo kwenye orodha.